Al-Masudi: Aliyetuandikia habari za kinu cha upepo

Sisi watu wa mwambao twaujua upepo kwa jambo moja kubwa, nalo ni safari. Kaskazi ilipovuma, vyombo vilishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vikaja kutia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilipokaza, vikatweka tanga vikarudi kwao. Biashara zetu, ndoa zetu na mengi katika maneno tuyasemayo yalikuja na upepo huo. Lakini iko kazi nyingine ambayo wanadamu waliutumikisha upepo tangu zamani sana, nayo ni kusaga nafaka na kuvuta maji. Kazi hiyo wazee wetu hawakuipa upepo. Walitwanga kwa mchi, wakasaga kwa mawe ya mkono, na simsim wakaishindika kwa kinu cha ngamia.

Katika waandishi waliotuhifadhia habari za mwanzo za kinu cha upepo, mmoja ni mwanachuoni wa Baghdad, Abul-Hasan Ali bin Husein al-Masudi. Na jambo la kutustaajabisha sisi ni kwamba mtu huyohuyo alifika katika bahari yetu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akarudi kwao salama na kuandika aliyoyaona. Basi habari za upepo wa nchi kavu uliozungusha mawe ya kusagia, na habari za upepo wa bahari ya Zanj uliowatia mabaharia hofu, zote mbili zimo ndani ya kitabu kimoja cha mtu mmoja. Inafaa tumjue mtu huyo alikuwa nani.

NASABA NA MALEZI

Al-Masudi alizaliwa Baghdad katika miaka ya mwisho ya karne ya tisa ya Miladi, yaani karne ya tatu ya Hijra ikielekea ukingoni. Jina lake lamrudisha kwa babu yake wa mbali, Abdullah bin Masud, sahaba mtukufu ambaye kila aliyesoma chuoni amepata kumsikia kwa ubingwa wake wa kuisoma Qurani.

Baghdad ya siku hizo ilikuwa mji wa Makhalifa wa Bani Abbas, na ingawa nguvu ya dola ilikuwa imeanza kulegea, soko la elimu lilikuwa bado limechangamka. Karatasi ilipatikana, wanakili walikuwa tele, na vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikuwa vimekwisha tiwa katika Kiarabu. Kijana mwenye kupenda elimu angeweza kuketi pale umri wake wote asimalize vya kusoma.

Al-Masudi hakuketi. Mwaka 303 wa Hijra, sawa na 915 wa Miladi, alikuwa Istakhr katika nchi ya Fars, ambako alionyeshwa kitabu kikubwa cha habari za wafalme wa Uajemi chenye picha zao. Kutoka huko alielekea Sind na Hindi, akaiona Multan na Mansura, na mwaka 304 alikuwa Saymur, bandari iliyokuwa karibu na mahali ulipo mji wa Mumbai leo. Akakuta Waislamu wapatao elfu kumi wamefanya maskani hapo, wengine wametoka Siraf, wengine Oman, wengine Basra. Baadaye alizunguka nchi zilizo kandokando ya bahari ya Khazar, akafika Sham na Palestina, na mwisho wa yote akahamia Misri.

Alisafiri hivyo kwa sababu ya imani aliyokuwa nayo juu ya elimu. Aliona ya kuwa mtu aliyekaa kwao akatosheka na yaliyomfikia si sawa na mtu aliyeumaliza umri wake njiani, akaitafuta kila habari palepale ichimbukapo. Kwa imani hiyo hakumwogopa hata al-Jahiz, mwandishi mashuhuri wa Basra aliyemtangulia. Al-Jahiz aliandika kwamba mto wa Sind hutoka katika Nili, na hoja yake ilikuwa kwamba mito yote miwili ina mamba. Al-Masudi akamrudi waziwazi, akasema kwamba huyu hakupanda bahari wala hakusafiri vya kutosha, bali aliokota maneno vitabuni. Msomaji na alishike neno hilo, kwani litamrudia mwenyewe huko mbele.

KATIKA BAHARI YETU

Safari zake za huku kwetu zilianzia Suhar, bandari ya Oman. Alipanda vyombo vya watu wa Siraf na Oman, na marudio yake ya mwisho kutoka kisiwa alichokiita Kanbalu hata Oman yalikuwa mwaka huohuo wa 304, ambao ni 916 au 917 wa Miladi. Wataalamu wengi wanaona kwamba Kanbalu ni Pemba, ingawa wako waliotaja visiwa vingine. Kuhusu masafa, alitaja farsakhi kama mia tano, na papo hapo akaeleza kwamba hesabu hiyo ni makadirio ya mabaharia, si kipimo kilichopimwa.

Alieleza kwamba katika Kanbalu walikuwako Waislamu, na kwamba Waislamu hao walisema lugha ya Zanj. Alieleza habari za pembe za ndovu zilizotoka pwani hii zikapelekwa Oman, na kutoka Oman zikaenda Hindi na China, hata zikawa adimu katika nchi za Kiislamu zenyewe. Aliandika kwamba Wazanj walikuwa na wahubiri wenye ufasaha, waliosimama mbele ya watu na kuwahimiza kwa lugha yao wamtii Mungu. Habari hizo, kwa ufupi wake, ni katika mashahidi wakongwe tulio nao wa maisha ya mwambao huu.

Ama kuhusu bahari yenyewe, alisema kwamba amepanda bahari nyingi, ya China, ya Rum, ya Khazar, ya Kulzum na ya Yemen, na akakutana na shida zisizo na hesabu, lakini hakuona iliyo ya kutisha kuliko bahari ya Zanj. Mawimbi yake aliyaeleza kuwa huinuka kama milima mirefu, kisha hushuka kama mabonde yenye kina, wala hayavunjiki wala kufanya povu. Mabaharia wa Oman wa kabila la Azd walipofika upande wa Ras Hafun walikuwa wakiimba beti juu ya mawimbi hayo.

Wenye vyombo aliosafiri nao hakuwaacha wapotee bila kutajwa. Alimwandika Jauhar bin Ahmad, aliyejulikana kwa jina la Ibn Sira, kwamba alizama katika bahari hiyo pamoja na wote waliokuwamo chomboni. Akawaandika ndugu wawili wa Siraf, Ahmad na Abdul-Samad, ambao ndio waliomrudisha Oman safari yake ya mwisho. Nao baadaye wakazama na watu wao wote. Lau si kalamu ya abiria wao, hapana ambaye angewajua leo.

Hata vyombo vyenyewe alivitazama kwa makini. Aliona kwamba vyombo vya bahari hii havikupigwa misumari ya chuma, bali mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, kama ilivyokuwa mitepe yetu. Kisha akasikia kwamba karibu na kisiwa cha Krete, katika bahari ya Rum, ziliokotwa mbao za msaji zilizotobolewa na kushonwa kwa kamba hizo. Akafikiri: vyombo vya namna hii haviko katika bahari ya Rum, basi hapana budi bahari hizi zimeungana mahali. Ndivyo ilivyokuwa akili yake. Kipande cha ubao kilimtosha kuuliza juu ya umbo la dunia.

NCHI YA UPEPO NA MCHANGA

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika habari za Sijistan. Nchi hiyo leo imegawanyika, upande mmoja uko Iran na upande mwingine Afghanistan. Ni nchi tambarare na kavu, na wakati wa kiangazi huvuma upepo mkali kutoka kaskazini ambao wenyeji wauita upepo wa siku 120, kwani huanza mwishoni mwa Mei au Juni na kuendelea mpaka Septemba. Ni upepo wa kupofusha macho. Wanajiografia wa karne hiyohiyo ya kumi walieleza kwamba lau wenyeji hawangekuwa na hila za kuuzuia mchanga, ungaliifunika miji na vijiji vyao.

Al-Masudi aliiita Sijistan nchi ya upepo na mchanga. Kisha akaeleza kwamba watu wake waliugeuza adui huyo akawa mtumishi: upepo ukazungusha vinu vyao, ukavuta maji visimani, ukanywesha mabustani yao. Akaongeza kwamba hapana pahali ulimwenguni watu wautumiapo upepo kuliko huko, na hapo akatia neno ambalo wanavyuoni wetu hulitia penye mwisho wa elimu yao, kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Yafaa hapa nieleze kinu hicho kilikuwaje, kwani msomaji akisikia kinu atadhani ni cha kutwangia, na aliyeona picha za Uholanzi atadhani ni ule mnara wenye mabawa manne yaliyoukabili upepo. Kinu cha Sijistan hakikuwa hivyo. Mtu akitaka kukifahamu na akumbuke kinu cha kushindikia simsim, ambacho mti wake husimama wima katikati na ngamia akauzunguka. Cha Sijistan nacho kilikuwa na mti uliosimama wima, lakini badala ya ngamia kilikuwa na mabawa yaliyopangwa kuuzunguka mti huo, na upepo ndio ulioyasukuma.

Taabu ya kinu cha namna hiyo ni moja. Upepo ukiyapiga mabawa ya pande zote mbili kwa nguvu sawa, kinu hakitazunguka, kwani upande mmoja utasukuma mbele na wa pili utarudisha nyuma. Mafundi wa Sijistan waliitatua kwa kuta. Walikizunguka kinu kwa ukuta, wakaacha upenyo ili upepo uingie upande mmoja tu; upande wa pili ukakingika. Al-Dimashqi, mwanachuoni wa Sham aliyekufa mwaka 1327, alieleza kwamba nyumba ya kinu ilijengwa ndefu kama mnara au juu ya kilima, nayo ilikuwa ya ghorofa mbili: juu mawe ya kusagia, chini gurudumu lenye mbavu kumi na mbili au sita zilizovikwa nguo. Nafasi za kuingizia upepo zilikuwa pana kwa nje na nyembamba kwa ndani, ili upepo uingie kwa kishindo. Vinu vya baadaye viligeuza mpango huo, mabawa yakawekwa juu na mawe chini. Mti uleule uliozungushwa na mabawa ndio uliozungusha jiwe, bila gurudumu la meno katikati. Kazi ikawa nyepesi, na fundi wa kijijini akaweza kuitengeneza mwenyewe.

Uimara wa fikra hiyo waonekana kwa umri wake. Mwaka 1963 vinu vipatavyo 50 vya namna hii vilikuwa bado vinasaga ngano katika mji wa Neh, mashariki ya Iran. Na katika Nashtifan, jimbo la Khorasan, vinu vya kale vya udongo na mbao vimesimama hata leo.

KISA CHA MTUMWA FUNDI

Kuhusu mwanzo wa vinu hivi, al-Masudi na wanahistoria wengine wa zamani wameandika kisa ambacho chamgusa kila Mwislamu. Katika zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mungu zimshukie, alikuwako Madina mtumwa wa Kiajemi aitwaye Abu Luulua, milki ya Mughira bin Shuba. Alikuwa seremala, mhunzi na mchoraji wa nakshi, na bwana wake alimtoza malipo ya kila siku. Akaja kushtaki kwa Khalifa kwamba malipo hayo ni mazito. Khalifa alipozisikia kazi anazozijua, akaona kwamba kwa fundi wa kiasi hicho malipo si makubwa.

Halafu Khalifa akamkumbusha kwamba amesikia yeye hujisifu kuwa aweza kuunda kinu kisagacho kwa upepo. Mtumwa akamjibu kwamba atamfanyia kinu ambacho watu watakizungumza. Khalifa aliyafahamu maneno hayo kuwa ni kitisho. Haukupita muda, katika mwezi wa Dhulhija mwaka 23 wa Hijra, sawa na Novemba 644, mtumwa huyo akamchoma Sayyidna Umar kwa jambia akiwa katika sala ya alfajiri, na kwa majeraha hayo akafariki.

Wengi wamekitumia kisa hiki kuwa hoja kwamba vinu vya upepo vilikuwako Uajemi katika karne ya saba. Yawezekana. Lakini kilitufikia katika vitabu vilivyoandikwa muda mrefu baadaye, na madhumuni ya wasimulizi yalikuwa kifo cha Khalifa, si historia ya vinu. Lililo thabiti ni kwamba katika karne ya kumi, al-Masudi alipoandika, vinu vya Sijistan vilikuwa kazi ya kila siku. Jina la aliyekibuni cha kwanza halikuandikwa popote.

Ama vinu vya Ulaya vilionekana katika karne ya kumi na mbili, huko Uingereza na Ufaransa ya kaskazini, na mti wake mkuu ulilazwa badala ya kusimamishwa. Kwa tofauti hiyo, wataalamu wengi huona kwamba Wazungu walibuni chao wenyewe. Wako wanaodhani kwamba fikra ilisafiri kutoka Mashariki. Madhali hapana ushahidi wa kukata shauri, si vema kujivunia jambo lisilothibiti. Fahari ya mafundi wa Sijistan yatosha bila ya kuongezwa.

PALE ALIPOTELEZA

Heshima ya mwanachuoni haipungui kwa kutajwa kosa lake, na la al-Masudi latuhusu sisi. Mtu huyu aliyefika kwetu, akawasikia wahubiri wetu na kuusifu ufasaha wao, alipotaka kueleza tabia za watu weusi aliyaacha macho yake akayashika maneno ya Jalinus, tabibu wa Kiyunani, na ya al-Kindi: kwamba watu weusi wana wepesi wa furaha kwa sababu ya udhaifu wa bongo zao. Aliyemcheka al-Jahiz kwa kuokota maneno vitabuni, naye aliokota vitabuni.

Wala hakusubiriwa Mzungu wa kumsahihisha. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, alimwita al-Masudi imamu wa wanahistoria. Lakini katika kitabu hichohicho aliishika kauli hiyo ya Jalinus na al-Kindi akaikataa, akasema ni maneno yasiyo na matokeo wala hoja.

Basi ukivipima vitabu vyake utaona mpaka uliowazi. Alipowauliza mabaharia juu ya bahari, na alipoandika yale watu wa Sijistan wayatendayo kwa mikono yao, maneno yake yamedumu miaka elfu. Alipowahukumu watu kwa kauli ya mtu asiyewaona, maneno yake hayakusimama.

MWISHO WAKE

Kitabu chake mashuhuri, Muruj adh-Dhahab, yaani Mbuga za Dhahabu, alikiandika mwaka 332 wa Hijra, 943 wa Miladi, kisha akakirudia na kukisahihisha zaidi ya mara moja. Kilikuwa muhtasari tu. Kitabu chake kikubwa zaidi, Akhbar az-Zaman, kilikuwa cha majuzuu mengi, nacho kimepotea, kama yalivyopotea maandishi yake mengi. Pamoja na Muruj kilichobaki ni at-Tanbih wal-Ishraf, alichokimaliza mwaka aliokufa. Alifariki Fustat, Misri, mwaka 345 wa Hijra, 956 wa Miladi. Mtu hawezi kujua ni habari ngapi za pwani yetu, na ngapi za mafundi wa Sijistan, zilizozama pamoja na vitabu hivyo. Katika Paris, Muruj ilipigwa chapa kwa Kiarabu na tafsiri ya Kifaransa kati ya mwaka 1861 na 1877, na kwa njia hiyo ikawafikia watafiti wengi wa Ulaya.

Baada yake upepo ulipewa kazi ambazo hakuzifikiri. Waholanzi waliutumia kukausha maziwa na mabwawa wakapata mashamba. Mwaka 1887 James Blyth wa Scotland alipata umeme kwa kinu cha upepo, na mwaka 1891 Poul la Cour akaanza majaribio yake Denmark. Katika nchi yetu ya Kenya, karibu na Loiyangalani, mashariki ya Ziwa Turkana, imesimamishwa minara 365 yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake uliungwa katika gridi ya taifa mwaka 2018. Nayo imejengwa katika nchi kavu yenye upepo usiotulia, kama ilivyokuwa Sijistan.

Kwa hiyo neno lake kwamba hapana pahali upepo hutumika kuliko Sijistan halisemeki tena. Lakini alipoliandika alikwisha kuacha mlango wazi, akamwachia Mungu elimu ya yasiyomfikia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu Ibn Sira na wale ndugu wawili wa Siraf, waliokufa katika bahari hii tunayoitazama kila siku, na mafundi wa Sijistan ambao majina yao hatukuyapata.